Mlimani Wana Vyeo, Mgodini Wana Majina: Uhakiki wa Jimbo la Reach katika Mchezo wa Skyrim

Mlima wa kwenye mchezo wa video haukuumbwa na mvua, upepo wala volkano. Kila jabali, kila daraja na kila kichaka kipo pale kilipo kwa sababu mtu aliamua kiwepo. Kwa hiyo mwanafunzi wa fasihi anayo haki ya kuuhakiki mlima huo kama anavyohakiki mandhari ya riwaya: umewekwa pale kwa ajili ya nani, unamwonyesha nini anayeupanda, na unamficha nini. Katika makala hii ninahakiki jimbo la milima liitwalo Reach, lililo magharibi mwa nchi ya kubuni ya Skyrim, katika mchezo wenye jina hilohilo uliotengenezwa na Bethesda Game Studios ya Marekani na kutolewa tarehe 11 Novemba 2011. Hoja yangu ni moja. Maandishi ya mchezo huu yanajua vizuri kwamba watu wa milima hiyo walinyang'anywa nchi yao, lakini muundo wake unamzuia mchezaji kukutana nao kama watu. Waasi wa Reach wanapewa ubinadamu wao mahali pamoja, nako ni chini ya ardhi, gerezani.

Najua baadhi ya wahadhiri wetu wataguna. Mchezo wa video si riwaya wala tamthilia, na huu haujawahi kutolewa kwa Kiswahili. Lakini Kiswahili hakijaanza jana kuzuru nchi zisizokuwepo. Mwaka 1951 Shaaban Robert alitupeleka angani katika Kusadikika, akaumba dola nzima yenye mfalme, mawaziri na baraza, na leo hakuna anayekidharau kitabu hicho eti kwa kuwa nchi yake haipo kwenye ramani. Nitakirudia baadaye, kwa sababu kuna kitu Karama alipewa na mtunzi wake ambacho wanamilima wa Reach wamenyimwa na wao.

Kwa asiyewahi kuucheza, Skyrim ni mchezo wa kuvaa uhusika. Mchezaji humuunda mhusika wake mwenyewe, akachagua jinsia, kabila, sura na jina, kisha akaachiwa nchi kubwa aizunguke apendavyo. Nchi hiyo ina majimbo tisa, kila jimbo na mtawala wake aitwaye Jarl. Msuko haufuati mstari mmoja. Ipo hadithi kuu, lakini visa vingi vimetawanywa barabarani, mapangoni, vinywani mwa wachuuzi, na ndani ya mamia ya vitabu vidogo ambavyo mhusika anaweza kuvikuta mezani, akavifungua na kuvisoma. Hadithi inaanza mwaka 201 wa Enzi ya Nne, kwa kalenda ya huko, wakati Wanord wanapigana wenyewe kwa wenyewe: upande mmoja wanaotii Milki, upande mwingine waasi wa Ulfric Stormcloak.

Reach ni jimbo gumu kulipita kwa mguu. Mto Karth umelikata korongo refu. Maji yanaporomoka kutoka kila upande. Njia ni nyembamba na zinapanda kwa kujipinda, hivi kwamba aliye chini haoni kilicho juu yake mpaka mshale umfikie. Miti ni midogo, imepindapinda, na mawe ni ya kijivu. Kati ya mawe hayo umechongwa mji wa Markarth, makao makuu ya jimbo. Waliouchonga ni Dwemer, watu waliotoweka wote kwa pamoja zama za kale wakaacha nyumba zao za mawe na mashine zao zikiendelea kuzunguka gizani. Jambo hili si la kupita haraka. Wanord wanaishi katika nyumba wasizozijenga, na wale wanaojiita wenyeji wa Reach nao hawakuzijenga. Watunzi wa mchezo wangeweza kulipa kila kabila kasri lake la asili na kumrahisishia mchezaji kujua nani ana haki. Hawakufanya hivyo, na kwa hilo ninawapongeza.

Historia ya jimbo, kwa jinsi inavyosimuliwa ndani ya mchezo, ni hii. Mwaka 174 wenyeji, ambao wengi wao walikuwa vibarua na watu wasio na ardhi chini ya Wanord, waliasi, wakaushika mji wa Markarth na kuutawala kwa miaka miwili chini ya mtu aitwaye Madanach. Mwaka 176 Ulfric na watu wake waliutwaa tena kwa niaba ya Jarl wa zamani. Hawakuja bure. Waliahidiwa kwamba wangeruhusiwa kumwabudu mungu wao Talos, ambaye ibada yake ilikuwa imepigwa marufuku kwa mkataba kati ya Milki na Thalmor, yaani watawala wa nchi ya waelfu. Ahadi hiyo haikudumu. Thalmor walipopata habari walikuja juu, marufuku ikarudi, na Ulfric akatiwa ndani. Wenyeji walionusurika walikimbilia milimani, na huko ndiko wanakoishi mpaka mchezaji anapowasili miaka 25 baadaye. Wanaitwa Forsworn.

Jina hilo linataka kusimama kidogo. Kwa Kiingereza cha kale Forsworn ni mtu aliyeapa uongo au aliyevunja kiapo. Mimi, kama wanafunzi wengi wa hapa Burundi, niliucheza mchezo huu kwanza kwa Kifaransa, na huko wanaitwa Parjures, ambalo ni wazi zaidi: wavunja kiapo. Kwa Kiswahili tunasema mtu amekula kiapo, na anayekula kitu lazima awe amekiweka kinywani. Je, hawa walikula kiapo gani? Nimesoma vitabu vya ndani ya mchezo nilivyoviona, nimesikiliza mazungumzo ya Markarth, sijakutana na kiapo ambacho vibarua hawa walimwapia Jarl wa Wanord. Kiapo pekee kilichovunjwa waziwazi katika kisa hiki ni kile alichopewa Ulfric, na aliyekivunja ni mwenye mji. Lakini waliobaki na jina la wavunja kiapo ni wengine.

Jina la jimbo lenyewe nalo limetolewa na mtu anayetazama kutoka nje. Kiingereza kinaliita Reach, neno lenye harufu ya kufikia, kunyoosha mkono mpaka mahali fulani. Kifaransa kinaliita la Crevasse, yaani ufa. Moja ni la mtu anayeifuata ardhi, jingine ni la mtu anayeogopa kutumbukia ndani yake. Majina ya watu wa huko, kama Madanach, Uraccen, Duach au Faolan, yana mlio wa lugha za Kikelti za Ireland na Uskoti, na nadhani watunzi walikusudia hivyo; Reach ni kumbukumbu ya Ulaya juu ya wanamilima wake yenyewe. Ninasema hivi kwa sababu mwenzangu mmoja, tulipojadili mada hii darasani, alitaka tuisome Reach kama fumbo juu ya Afrika na wakoloni. Sikubaliani naye. Kila mlima wenye waasi si lazima uwe wa kwetu.

Hata hivyo kuna jicho ambalo sisi tunalileta. Burundi, mtu akiulizwa anatoka wapi, hutaja kilima. Kilima ni anwani, ni ngazi ya utawala, ni mahali palipozikwa babu, ni majirani watakaokuja kwenye msiba. Kwetu hakuna kilima kitupu. Nikilitazama jimbo la Reach kwa jicho hilo, jambo la kwanza linalonishtua ni kwamba milima imejaa kambi lakini haina kaya. Wanaume wapo, wanawake wapo, mahema ya ngozi yapo, vyungu viko motoni. Watoto hakuna. Wazee wanaoota moto hakuna. Hakuna anayechunga mbuzi; vichwa vya mbuzi vimetundikwa mitini. Watu wamekaa milimani robo karne na mchezo haujawapa hata mtoto mmoja.

Sasa tuje kwenye usawiri, na hapa ndipo mchezo unapojisema wenyewe bila kujua. Juu ya kioo kuna dira. Adui akikuona, dira inaweka nukta nyekundu upande alipo. Ukimlenga kwa upanga au upinde, jina lake linaandikwa. Katika toleo la Kiingereza, watu wa milimani hawana majina ya kuzaliwa. Wana vyeo vinavyopanda kadiri mchezaji anavyozidi kuwa na nguvu. Anayeanza anakutana na Forsworn mtupu. Baadaye atakutana na mwokotezaji, kisha mporaji, kisha mnyang'anyi, kisha mwangamizi, mwisho mbabe wa vita. Isipokuwa hicho cha mwisho, kila cheo ni namna ya kuchukua mali ya mtu. Katika uhakiki tumefundishwa kwamba majina ya wahusika hubeba sifa zao, na mifano ya Majivuno na Karama tunaijua tangu sekondari. Hapa jina limeacha kubeba sifa, limekuwa hati ya mashtaka. Mtu amehukumiwa kwa cheo kabla hajafungua kinywa, na hafungui, kwa sababu nukta ikishakuwa nyekundu hakuna kitufe cha kuzungumza.

Juu ya vyeo hivyo yupo mmoja anayeogopwa kuliko wote, aitwaye Briarheart. Huyu ametolewa moyo wake wa nyama kwa uchawi na kuwekewa tunda la miiba kifuani, nalo linaonekana. Kama taswira, ni kali na ni nzuri: mwasi aliyebadilisha moyo ili aweze kuendelea kupigana. Ningependa kujua ni nani aliyekuwa kabla ya kufunguliwa kifua, alikubali au alilazimishwa, mama yake alisemaje. Mchezo haujali. Ukiwa mwizi hodari unaweza kumnyemelea, ukamchomoa tunda hilo mfukoni kana kwamba ni pochi, naye akaanguka akafa papo hapo. Wachezaji huoneshana mbinu hii kwa kicheko, na mimi nilicheka. Ni mbinu ya kuchekesha kweli. Lakini ni vigumu kupata mfano mfupi kuliko huu wa jinsi muundo wa mchezo unavyoweza kuigeuza taswira ya huzuni kuwa mzaha.

Kisa cha Red Eagle kinaonyesha jambo hilohilo kwa upana. Kitabu kimoja cha ndani ya mchezo kinasimulia habari za Faolan, shujaa wa kale wa Reach aliyepigana na majeshi ya Milki, akautoa moyo wake kwa wachawi ili apate nguvu, na kabla ya kufa akaacha upanga wake pamoja na ahadi: siku upanga utakaporudishwa kwake, atainuka tena kuwapigania watu wake. Ni ngano ambayo mwanafunzi yeyote wa fasihi simulizi angeitambua mara moja. Mashujaa wanaosubiri kurudi wapo katika tendi za mataifa mengi. Basi mchezaji anaupata upanga kwa kuwaua waliokuwa wakiutunza, anaupeleka kaburini, anauchomeka mahali pake, kaburi linafunguka, na Red Eagle anainuka kweli. Anainuka mbele ya nani? Mbele ya mgeni mmoja mwenye silaha bora, ambaye atamuua mara ya pili na kuondoka na upanga ukiwa umeongezwa makali. Ahadi ya karne nyingi imetimia, na imetimia kama zawadi ya mpita njia. Nilipomaliza kisa hicho nilitafuta kama kuna mtu yeyote katika jimbo lote ambaye ningemrudishia upanga. Sikumwona. Unaweza kuuuza dukani.

Ningekuwa mwonevu nikisema kwamba watunzi hawakujua wanachokifanya. Wamo waliojua. Markarth kuna vitabu viwili vya mwanazuoni wa Milki aitwaye Arrianus Arius. Kimoja kinawatetea wale wanaoitwa wendawazimu wa Reach na kueleza kwamba ghadhabu yao ina historia. Kingine kinamshtaki Ulfric kwa ukatili wa siku ile alipouteka mji, akiua hata waliokwisha kusalimu amri. Wasomaji wengi huvichukua vitabu hivi kama sauti ya ukweli. Mimi ningependa tuwe waangalifu na msimulizi. Arius anaandika akiwa mtu wa Milki, na Milki inapigana na Ulfric. Kila ukurasa unaomchafua Ulfric una faida kwa aliyemlipa mwandishi mshahara. Huruma yake kwa wenyeji yaweza kuwa ya kweli, lakini ni huruma inayopita mkononi mwa mtu wa tatu. Wenyeji wenyewe hawana kitabu walichokiandika katika rafu hizo.

Sauti yao tunaikuta wapi, basi? Kisa kinaanzia sokoni. Mchezaji anapoingia Markarth mara ya kwanza, kibarua mmoja wa kwenye tanuri la kuyeyushia madini anamrukia mwanamke kwa kisu akitangaza kwamba Reach ni ya wenyewe. Walinzi wanamuua kibarua, na papo hapo wanawatuliza watu kwa kukana kwamba Forsworn wamo mjini. Kijana aitwaye Eltrys anamtia mchezaji kikaratasi mkononi, anamwomba akutane naye hekaluni, kisha anamwomba achunguze ni nani anayeagiza mauaji haya. Uchunguzi unafika nyumba mbili. Moja ni ya Nepos, mzee mtulivu anayekiri kwamba huwatuma vijana kuua kwa amri ya Madanach, ambaye hakuuawa bali amefungwa. Nyingine ni ya Thonar Silver-Blood, tajiri wa mji, aliyemwacha Madanach hai kwa makusudi ili waasi wawaangamize wapinzani wake. Mchezaji akirudi hekaluni anamkuta Eltrys ameuawa na walinzi wanamngoja yeye. Akikubali kukamatwa anatupwa katika gereza la Cidhna, ambalo ni mgodi wa familia ileile. Wafungwa wanachimba, mapato ni ya akina Silver-Blood.

Nitatoka kidogo njiani hapa. Jina Silver-Blood likitafsiriwa kwa Kiswahili linakuwa Damu-Fedha, na Kiswahili kinaongeza kitu ambacho Kiingereza hakina, kwa kuwa fedha kwetu ni madini na ni pesa pia. Familia hii ina mgodi, gereza, nyumba ya wageni na viongozi mfukoni. Katika kijiji cha Karthwasten inawaweka mamluki ili kumlazimisha mwenyeji aitwaye Ainethach auze mgodi wake kwao, kwa kisingizio cha kumlinda dhidi ya Forsworn. Ainethach ni mmoja wa wenyeji wachache wanaozungumza na mchezaji juu ya ardhi, na anaweza kuzungumza kwa sababu anacho kitu cha kuuza.

Ndani ya Cidhna mambo yanabadilika ghafla. Silaha zimechukuliwa, nguo zimechukuliwa, nukta nyekundu zimezimika. Wafungwa wamesimama kando ya moto, na unapowalenga kwa macho unasoma Braig, unasoma Duach, unasoma Odvan, unasoma Uraccen. Kwa mara ya kwanza Forsworn wana majina ambayo mama zao waliwapa. Na wanazungumza. Madanach, mfalme aliyevaa matambara, hakubali kumsaidia mchezaji kabla hajamsikiliza Braig, na Braig anaeleza kilichompata. Kosa lake lilikuwa kuzungumza na Madanach mara moja tu. Binti yake alipoona baba anachukuliwa alimsihi Jarl amchukue yeye badala yake. Wakamkata kichwa yule binti mbele ya baba, kisha baba naye wakamtupa mgodini hivyohivyo.

Mtunzi wa maneno ya Braig, yeyote yule, ni mwandishi. Hakuna pambo ndani yake wala hotuba juu ya uhuru. Nimesikia wachezaji wakikiri kwamba waliweka kompyuta kando kwa muda baada ya kumsikia. Mimi sikuiweka kando, niliendelea, na baada ya dakika chache Madanach akanitaka nimuue mfungwa mwenzetu ili kuonyesha uaminifu wangu. Hapo tena mchezo haukukosea: anayesikilizwa si lazima awe malaika, na mfalme wa gerezani naye anatawala kwa damu. Milimani nimeziona maiti za wasafiri na meza za kutolea kafara. Sidai kwamba Forsworn ni wema. Ninadai kwamba ni watu, na kwamba mchezo umelisema hilo katika chumba kimoja.

Sasa Karama. Katika Kusadikika naye ni mshtakiwa. Anasimama mbele ya mfalme na baraza, Majivuno amemshitaki, na adhabu inayomngoja si ndogo. Lakini Shaaban Robert amekijenga kitabu kizima juu ya maneno ya mshtakiwa huyo. Anasimulia habari za wajumbe sita waliopelekwa pande sita na jinsi walivyotendewa waliporudi, na baraza lote linalazimika kukaa na kusikia, siku baada ya siku. Mtunzi angeweza kutupa hukumu tu. Aliona kwamba mshtakiwa akinyimwa muda wa kusema, hakuna kitabu. Reach ina washtakiwa wengi kuliko Kusadikika, na kwa jumla wamepewa muda wa kusema unaotosha kunywa kikombe cha chai, tena penye masikio ya mfungwa mwenzao peke yake. Baraza haliwasikii.

Lipo baraza lingine katika mchezo huu, na ni mfano mzuri wa ninachosema. Katika hadithi kuu, ikiwa vita bado havijaisha, wakuu wa pande zote wanakutana juu ya mlima mrefu kuliko yote ili wasimamishe mapigano. Ulfric anataka apewe Markarth. Upande wa Milki unataka Riften kama fidia. Mchezaji anasikiliza, anatoa ushauri, mji unabadilishwa kwa mji. Jenerali yupo, Ulfric yupo, balozi wa Thalmor naye amekuja na ujumbe wa Milki. Mtu wa Reach hayupo kwenye meza hiyo, na kati ya wote waliokaa hakuna anayeuliza kwa nini.

Nitakutana na pingamizi moja, na ni la haki. Mchezo wa aina hii unahitaji maadui. Mchezaji lazima apite njia akiwa na hofu, vinginevyo atalala usingizi. Na watunzi hawawezi kumpa jina na hadithi kila mtu atakayeanguka kwa mshale. Ni kweli. Majambazi wa barabarani wako majimbo yote na sijawaandikia makala. Lakini majambazi hawakuandikiwa vitabu viwili na Arius, wala hawakupewa uasi, mfalme na ngano ya shujaa atakayerudi. Mtunzi akishanieleza kwamba watu hawa wana historia, amejifunga mwenyewe. Hawezi kunigeuzia ukurasa na kuniomba niwahesabu tena kama mbwa mwitu.

Na haikuwa haiwezekani. Ushahidi uko palepale Reach. Katika jimbo hilo kuna boma mbili za Waorki, Dushnikh Yal na Mor Khazgur. Waorki nao ni wanamilima, nao hawawapendi wageni, nao wamejifungia nyuma ya magogo yaliyochongwa. Mgeni akikaribia lango, mlinzi anamzuia kwa maneno. Anamwambia aondoke. Mchezaji asipokuwa wa damu yao anaweza kuomba kazi, akatumwa kutafuta kitu walichokipoteza, akakileta, na tangu siku hiyo anaitwa ndugu na kuingia boma lolote. Kumbe basi walijua kutengeneza lango. Walijua namna ya kuweka neno kabla ya mshale, na kuweka mtihani ambao mgeni akiufaulu anakaribishwa. Walichagua kuwatengenezea Waorki na wakaacha kuwatengenezea Forsworn, ambao wako ng'ambo ya mto uleule.

Na wanajua zaidi ya hapo. Mchezaji anayemsaidia Madanach kutoroka anapita naye mahandakini, anatokea mjini, Thonar anauawa, na kundi la waliofungwa linakimbilia pango liitwalo Druadach. Nenda huko baadaye: watakupokea. Madanach yupo, watu wake wanapitapita, dira haina kitu. Kwa hiyo amri ya kuizima nukta ipo ndani ya mchezo, imeandikwa, inafanya kazi, na imewekewa mpaka kwenye mlango wa pango moja. Nilivaa vazi la manyoya ambalo Madanach alinipa kwa heshima ya miungu yao, nikashuka kuufuata mto Karth mpaka kambi ya kwanza niliyoiona, nikaurudisha upanga alani na kutembea polepole katikati ya njia ili wanione vizuri. Waliniona. Mporaji mmoja, mnyang'anyi mmoja na mwingine ambaye cheo chake sikukiwahi kukisoma.